VUGHA ILIVUNJIKA KABLA YA MJERUMANI

Ndugu wanachama, siku hizi za kutafuta viongozi wa matawi tunasikia maneno ya "mtu wetu" na "mtu wao". Sisi wa Bumbuli tuna sababu ya kuyaogopa maneno hayo kuliko watu wengine, maana kiti kilichovunja nchi ya Usambara kilitoka hapa hapa.

Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Vugha, alitawala milima hii mpaka alipofariki mwaka 1862. Mmisionari Krapf alipomtembelea mwaka 1848 aliona mfalme ambaye amri yake ilifika mpaka pwani. Wanawe aliwaweka kuwa mazumbe katika kila sehemu ya nchi. Lakini mrithi, kwa desturi ya Wakilindi, alikaa Bumbuli. Mrithi huyo alifariki kabla ya baba yake, na kwa hiyo kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu.

Shekulwavu ndiye mfalme wa mwisho aliyerithi nchi yote nzima. Tabu yake ilianza siku ile ile. Mazumbe walikuwa wana wa Kimweri, yaani baba zake wadogo. Nani kati yao angemtii mtoto wa ndugu yake? Hodari kuliko wote alikuwa Semboja wa Mazinde. Yeye alikaa bondeni, penye njia ya misafara ya Pangani, akauza pembe na kununua bunduki. Mfalme juu mlimani alikuwa na heshima ya mvua na matambiko, na Semboja chini alikuwa na baruti.

Je, walikaa kitako wakapatana? La! Semboja alikusanya wapiganaji kutoka nje ya nchi. Naye Shekulwavu akatafuta msaada kwa Wabondei dhidi ya Wakilindi wenzake, nao Wabondei, waliochoka kutawaliwa, wakawafukuza mazumbe. Huo ndio uasi ulioitwa Kiva. Mwishoni mwa miaka ya 1860 watu wa Semboja waliichoma Vugha. Shekulwavu akakimbia, wala hakuishi sana baada ya hapo. Semboja hakujali hata kukaa Vugha. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde sokoni.

Na wananchi walipata nini? Walikamatwa, wakafungwa kamba, wakauzwa pwani. Msambaa alimuuza Msambaa ili mkubwa wake apate bunduki moja zaidi. Wazee wetu wana jina la hali hiyo: nguvu kwa nguvu. Wakuu wawili wakishindana, hakuna aliye na uwezo wa kuiponya nchi. Mvua inakosa na njaa inaingia. Asiyeamini habari za mvua na aamini hili: mkulima anayeogopa kukamatwa njiani halimi shamba la mbali, na asiyelima hali.

Mjerumani alipokuja alikuta nyumba imekwisha kubomoka. Mwaka 1895 alimnyonga Mputa, wa ukoo wa Semboja, na milima haikuinuka pamoja kumtetea. Ingeinukaje, hali nusu ya watu walikuwa na kisasi na nusu nyingine?

Sasa tazameni upande wa pili. Mwingereza alipotulazimisha kulima matuta, wakulima hawakuulizana nani wa ukoo gani. Walikataa wote, wanaume kwa wanawake, na mwaka 1957 mpango ule ukaachwa. Hawakuwa na bunduki hata moja.

Kwa hiyo tunasema wazi. Mwanachama kugombea si kosa, na kumpinga kiongozi kikaoni si kosa. Ni haki yake. Kosa ni kukimbilia kwa mwenye fedha wa nje ya tawi ili akushindishe juu ya ndugu yako. Anayekupa fedha leo atataka alipwe kesho, na utakacholipia si mali yako: ni shamba la kijiji, ni bei ya chai ya mkulima, ni sauti ya waliokuchagua.

Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, lakini tabia ya Mazinde haifutwi na sheria. Inafutwa na wanachama wanaouliza mkutanoni, mbele ya watu wote: ndugu mgombea, fedha hizi umezipata wapi? Ulizeni hivyo katika kila tawi, na asiyejibu asipewe kura.