CHETI CHA AFYA CHA DEREVA WA LORI NI USHAHIDI MBELE YA ALLAH



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ammaa ba'd.

Ndugu zangu katika imani, leo nataka kusema na madereva wa malori, na wenye malori, na madaktari wanaowapima madereva. Swali hili nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Wa mwisho kuniuliza ni kijana wa njia ya Tunduma, akiwa ameegesha gari Ruaha Mbuyuni akisubiri kukuche. Aliandika hivi: "Sheikh, nataka leseni ya daraja E niingie kwenye semi. Natakiwa nipeleke karatasi ya daktari. Kuna jamaa anazitoa bila kupimwa, unampa hela kidogo na siku hiyo hiyo unayo mkononi. Mimi ni mzima, najijua. Kuna dhambi hapo?"

Jibu fupi: ndiyo, kuna dhambi, na si ndogo. Jibu refu naomba mlisome mpaka mwisho, kwa sababu hapo katikati kuna udhuru ambao wengi wetu tunautoa, na kila mmoja unahitaji jibu lake.

*KWANZA: TUJUE TUNAZUNGUMZIA NINI*

Anayeijua Ruaha Mbuyuni anajua malori yanavyojipanga pale usiku. Magunia ya vitunguu kando ya lami, mama lishe wana chai na wali, na madereva wa mizigo ya Zambia na Kongo wanapumzika. Wanaokwenda Iringa wanajiandaa kupanda Mlima Kitonga. Wanaotoka Iringa ndiyo kwanza wameteremka, na wengine wamebeba shaba ya kwenda bandarini Dar es Salaam. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, na kona zinafuatana.

Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari kubwa kabisa, likiwa na mzigo wake, lifike tani 56. Mwendo wa lori kwa sheria yetu usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde tatu tu, tani hizo zimekwenda zaidi ya mita 60 bila mtu. Hapo kuna basi mbele, kuna bodaboda, kuna watoto wanaovuka kwenda shule.

Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria. Walifariki watu zaidi ya 40. Kilichotajwa wakati ule ni shimo barabarani, na mimi simtuhumu dereva yule kwa ugonjwa wowote. Allah awarehemu wote. Nalitaja ili tukumbuke uzito wa kitu ambacho dereva wa lori anakishika mikononi mwake.

Sasa tazama. Mzigo unapimwa Mikumi, unapimwa Wenda, unapimwa Makambako. Ukizidi, gari linasimamishwa na faini inalipwa. Je, huyu aliyeshika usukani, yeye amepimwa wapi? Mara yake ya kupimwa ni ile karatasi ya daktari. Ukiinunua, umepita mizani bila kupanda juu yake.

*PILI: KARATASI ILE NI USHAHIDI*

Watu wanadhani cheti cha daktari ni kama risiti. Hapana. Pale pana mtu mwenye elimu anasema kwa sahihi na muhuri: "Mimi nimemwona huyu, nimempima macho yake, nimepima presha yake, na nashuhudia anafaa kuendesha." Kama hakumwona, huo ni ushahidi wa uongo. Hakuna jina jingine.

Na ushahidi wa uongo tunajua uko wapi katika dini yetu. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikuwa ameegemea akiwatajia Maswahaba madhambi makubwa kabisa. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka akakaa vizuri, na akalirudia jambo hilo mara nyingi mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze, kwa kumhurumia. Na katika Suratul Hajj, aya ya 30, Allah ameliweka katazo la kauli ya uongo pamoja na katazo la kuabudu masanamu, mahali pamoja.

Hapa wanaoshiriki ni wengi. Daktari aliyesaini bila kupima. Dalali aliyeipeleka. Dereva aliyelipa, naye anajua. Na ile hela aliyolipa ili apewe kisichokuwa haki yake ni rushwa, na katika rushwa mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa kwa ulimi wa Mtume (s.a.w.).

*TATU: "MIMI NI MZIMA, NAJIJUA"*

Ndugu yangu, maradhi yanayomuua dereva barabarani mengi hayaumi.

Presha ya damu inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote, mpaka siku mshipa wa kichwa unapopasuka. Presha ya macho inaanza kula pembeni. Mbele unaona vizuri, kibao unakisoma, lakini pikipiki inayotokea ubavuni huioni, na hujui kwamba huioni. Mtoto wa jicho anakuja polepole, na wewe unalaumu taa za magari ya mbele kuwa ni kali. Sukari inaharibu mishipa ya nyuma ya jicho bila maumivu. Na yule anayekoroma sana, pumzi zikikatika usingizini, analala saa nane na kuamka amechoka. Anadhani ni uchovu wa kazi, kumbe hajalala.

Basi kauli ya "najijua" ina maana gani? Unajua unavyojisikia. Hujui kilichomo. Hicho ndicho daktari anachokitafuta: anafunika jicho moja akupime jingine, anafunga mkanda mkononi, anatoboa kidole apate tone la damu, anakuuliza kama umewahi kuanguka na kupoteza fahamu. Mambo madogo haya.

Na Allah ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Mtu atajitibu vipi ugonjwa ambao amelipa hela ili usionekane?

*NNE: "NIKIPIMWA NITAKOSA KAZI"*

Udhuru huu sitaki kuupita haraka, maana ni wa kweli. Dereva ana watoto, ana kodi ya nyumba, ana mama kijijini. Anaogopa daktari akiandika neno moja, tajiri atampa gari mtu mwingine kesho asubuhi.

Nasema mambo mawili.

La kwanza, mengi yanayoonekana katika kupimwa yana dawa au njia yake, na mtu anarudi kazini. Macho mengi tatizo lake ni miwani. Mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji. Presha inashuka kwa dawa na kupunguza chumvi. Anayekatika pumzi usingizini anatibiwa. Aliyekwenda kupimwa mapema ndiye mwenye nafasi kubwa ya kubaki kwenye usukani miaka mingi. Anayejificha ndiye anayekuja kuondolewa siku moja kwa kupooza, au kwa jeneza.

La pili, na hili ni zito: yako maradhi ambayo mwenye nayo haruhusiwi kuendesha lori. Mtu anayeanguka kifafa mara kwa mara hawezi kukabidhiwa semi pale Kitonga, hata awe mchamungu namna gani. Hapo tumkumbuke Abu Dharri (r.a.). Aliomba kazi ya uongozi. Mtume (s.a.w.) alimpiga begani kwa upole akamweleza kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo lile, na jambo lile ni amana. Hadithi hii iko kwa Muslim. Abu Dharri, katika wakweli wakubwa wa umma huu, aliambiwa: hii huiwezi. Heshima yake haikupungua hata kidogo.

Tumkumbuke na Ibn Ummi Maktum (r.a.), Swahaba asiyeona. Hakunyimwa kazi. Alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.). Lakini alfajiri hakuadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha, kwa sababu hiyo ilihitaji macho na yeye hakuwa nayo. Hakujifanya anaona. Alikubali macho ya wenzake, na kazi yake ikawa sahihi na umma ukafunga na kuswali kwa adhana yake.

Ndugu yangu dereva, ukiambiwa lori huliwezi, riziki haijafungwa. Aliyekulisha kabla hujapata leseni ndiye atakayekulisha baada yake. Utunzaji wa stoo, ufundi, kusimamia upakiaji wa mzigo, kuwafundisha vijana njia unayoijua kwa miaka yote hiyo, zote ni kazi za halali.

*TANO: "AJALI NI QADARI YA ALLAH"*

Kweli, kila kitu ni kwa qadari ya Allah. Lakini sheria ya Allah haikumwachia huru aliyezembea. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyemuua Muumini kwa bahati mbaya ana diya kwa jamaa wa marehemu, na ana kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Hiyo ni kwa asiyekusudia!

Wanazuoni wa zama zetu wameiweka hukumu hii kwa dereva aliyesababisha kifo kwa uzembe, na wengi wao wanasema kafara inahesabiwa kwa kila nafsi. Sasa fikiria mtu aliyejua kuwa macho yake hayaoni usiku, akanunua cheti, akaligonga basi. Atafunga miezi mingapi? Na huko kwa Allah, atasema hakujua, ilhali alilipa hela ili asijue?

*SITA: KWENU WENYE MALORI NA MADAKTARI*

Lawama tusiwatwishe madereva peke yao. Wewe tajiri unayebadilisha tairi kila zikilika na kumwaga oili kwa wakati, dereva wako umempima lini? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi na kila baada ya muda, na jambo hilo ni la mwajiri. Kabla ya sheria hiyo kuna amana. Ukimpima dereva kisha ukamfukuza kwa kuwa presha imepanda, umewafundisha wengine wote wafiche. Mpe wiki atibiwe, mpe safari fupi, mrudishe akiwa sawa. Ukifanya hivyo watakuambia ukweli, na gari lako litafika.

Na wewe daktari, au mganga wa zahanati unayeombwa na jirani "nisaidie tu sahihi", jua kuwa hujamsaidia. Suratul Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Hapa umewafanyia uadui watu usiowajua, walioko kwenye basi ambalo bado halijaondoka stendi.

*SABA: YA KUFANYA*

1. Nenda kituo cha afya mwenyewe, kwa miguu yako. Mweleze daktari wazi kuwa unaendesha lori na unasafiri usiku.
2. Usimfiche kitu. Mwambie dawa unazotumia, mwambie kama unakoroma sana, kama umewahi kuzimia. Dawa nyingine za mafua na za mzio zinaleta usingizi, muulize.
3. Ukipewa miwani, ivae. Miwani iliyoko kwenye boksi la gari haioni.
4. Mwenye sukari anayetumia sindano au vidonge, zungumza na daktari kabla ya Ramadhani. Sukari ikishuka mtu anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, na hayo yakikutokea kwenye usukani ni hatari. Allah amempa ruhusa mgonjwa na msafiri wafungue na walipe siku nyingine. Kuipokea ruhusa ya Allah ni ibada.
5. Aliyekwisha nunua cheti, mlango wa toba uko wazi. Toba yake ni kujuta, kuacha, na kwenda kupimwa kikweli wiki hii, kabla ya safari inayofuata. Asiseme nitakwenda leseni ikikaribia kwisha.

Kwa kijana wa Ruaha Mbuyuni: ile hela uliyotaka kumpa jamaa, mpelekee daktari akupime. Huenda akakukuta mzima kama ulivyosema, nawe utaipanda Kitonga moyo ukiwa umetulia. Na akikukuta na jambo, basi Allah amekuonyesha kabla ya wakati, na hiyo ni rehema kwako na kwa watu usiowajua.

Ee Allah, walinde madereva wetu na wasafiri wetu. Wafikishe salama majumbani kwao. Waponye wagonjwa wao, zipanue riziki zao kwa halali, na utulinde sote na ushahidi wa uongo. Aamin.

Wallaahu a'alam.

Mfikishie ujumbe huu dereva unayemjua, na tajiri wake pia.