Mwanafunzi Wangu Alikuwa na Viatu

Kila toleo la jarida letu likitoka, mimi huanzia kurasa za picha. Wenzetu wanaeleza walivyozipata: huyu alipanda juu ya kimbweta, yule alisubiri saa nzima jua lishuke, mwingine aliazima kamera wakati bumu limeshakata na hana hata nauli ya daladala. Nazipenda sana hadithi hizo. Ila kuna mtu mmoja ambaye hasemi kitu humo ndani, na ndiye huyo tunayemwangalia usoni.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi nina picha yangu.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, katika sekondari moja ya kata mbali kidogo na barabara ya lami. Nilipewa Historia, kidato cha kwanza. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja amekaa barazani peke yake, miguu mitupu, tope hadi kwenye vifundo, daftari magotini, anamalizia kazi niliyowapa jana yake. Mwanga ulikuwa unatoka chini ya mawingu, ule mweupe wa baada ya mvua ambao mpiga picha yeyote anaujua. Nikapiga magoti. Nikaishusha simu karibu iguse sakafu ili miguu ionekane mikubwa na uso uwe juu kwa mbali. Nikasogeza ndoo na fagio vilivyokuwa vinaziba. Kijana wala hakuinua kichwa. Nilipiga mara kumi na moja, na ya saba ndiyo ilikuwa yenyewe.

Kulikuwa na kitu kimoja kinanikera, kona ya kushoto. Begi lake lilikuwa wazi na kitu cheusi kinachungulia, kinaharibu mpangilio. Nikaikata ile kona. Halafu nikaandika chini yake: "Hana viatu, ana ndoto." Nikapandisha.

Jamani, siku ile nilijiona mtu. Hadi jioni simu ilikuwa inalia tu. Mwenzangu mmoja wa TP akaniambia niipeleke kwenye mashindano. Kuna mdau aliomba namba ya kutuma mchango wa viatu. Na kila aliyeuliza nilimsimulia nilivyoipiga: magoti, mwanga, ndoo, ile ya saba. Ilikuwa hadithi nzuri kweli.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja shuleni. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama ni mimi ninayefundisha Historia. Kisha akatoa kwenye mfuko wa nailoni jozi ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, akaviweka juu ya meza ya walimu.

"Mwalimu, mwanangu ana viatu."

Alivinunua Januari kwa hela ya maandazi. Siku za mvua humwambia avivue njiani, avitie kwenye begi, anawe miguu bombani akifika, avae ikikauka. Siku ile bomba lilikuwa halitoi maji, kwa hiyo alikuwa anasubiri tope likauke alipanguse. Picha ilizunguka kwenye magrupu ya kata mpaka ikafika kwa mjomba wake, na darasani wenzake walikuwa wameshampa jina: Msaada. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani mwalimu hukumuuliza?"

Nilirudi chuoni na swali hilo, na kwa kuwa nasoma Historia nikaanza kulitafutia wenzake. Nikakutana na Dorothea Lange. Picha yake huenda umeshaiona hata kama jina hulijui: mama amekunja uso, mkono shavuni, watoto wawili wamemwegemea mabegani wakificha nyuso, kichanga mapajani. Aliipiga mwanzoni mwa 1936 huko Nipomo, California, katika kambi ya vibarua wa kuchuma njegere, akiwa mwajiriwa wa serikali ya Marekani wakati wa Mdororo Mkuu.

Hadithi ya alivyoipata aliisimulia mwenyewe mwaka 1960, na ni tamu. Alikuwa amemaliza mwezi mzima barabarani, mvua inanyesha, anarudi nyumbani. Akapita kibao cha kambi, akaendelea maili 20 huku akibishana na nafsi yake, kisha akageuza gari. Alimwendea yule mama moja kwa moja, akapiga picha chache huku akimsogelea, akaondoka. Hakuuliza jina. Aliandika kwamba mama ana miaka 32, kwamba wanaishi kwa mboga zilizoungua na baridi shambani na ndege wanaouawa na watoto, na kwamba ametoka kuuza matairi ya gari apate chakula.

Baada ya gazeti moja la San Francisco kuchapa habari za kambi ile, serikali ilipeleka chakula, kama tani 9 hivi. Hilo ni jema na silibezi. Ila familia ile ilikuwa imeshaondoka.

Dunia ilikuja kulijua jina lake mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baadaye. Anaitwa Florence Owens Thompson. Alikuwa na asili ya Wacherokee, jambo ambalo karibu kila aliyeitazama picha hakulijua. Alisema angependa picha ile isingepigwa, kwamba hakupata hata senti moja kutokana nayo, na kwamba hakuulizwa jina. Na matairi? Familia ilikana. Gari lao liliharibika njiani, ndiyo maana walikuwa pale, na matairi pekee waliyokuwa nayo ni yale yaliyokuwa kwenye gari, ambayo waliondokea nayo. Binti yake mmoja, kati ya wale waliojificha mabegani, alieleza uzeeni kwamba picha ile iliwatia aibu.

Niliposoma habari ya matairi nilifunga kompyuta kwanza. Matairi yake na viatu vyangu, tofauti iko wapi? Kuna jambo lingine pia: katika picha ya awali, chini kulia, kidole gumba kilichoshika mti wa hema kilionekana. Kilimkera Lange, akakifanya kifutwe kwenye negativu. Na mimi nikakata kona.

Sasa, kuna watakaoniambia kwamba ningesubiri ruhusa nisingepata picha, na kwamba picha nyingine haziwezi kusubiri. Hapo nakubali kwa sehemu. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanza na kamera akiwa mtoto wa shule, alikuwa Korem, Ethiopia, Oktoba 1984 pamoja na Michael Buerk wa BBC. Watu walikuwa wanakufa kwa njaa mbele yake. Siwezi kusimama hapa nikasema angeanza kujazisha fomu. Picha zile zilitikisa dunia, mwaka uliofuata ikafanyika Live Aid, na wako waliopona kwa sababu yake.

Lakini tuambiane ukweli, wewe na mimi hatuko Korem. Tuko kwenye baraza la shule, kengele ya kipindi cha kwanza haijalia, mtoto yuko hatua mbili kutoka tulipo na jina lake tunalo kwenye daftari la mahudhurio. Mimi nilikuwa nalo. Lange angalau alikuwa mpita njia. Mimi nilikuwa mwalimu wa yule kijana, ningeweza kuuliza "mbona umevua viatu?" na ningejibiwa kwa sekunde tano. Sikuuliza kwa sababu jibu lingeniharibia picha. Nadhani kwa ndani nililijua hilo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wahariri wetu. Mpiga picha akieleza alivyoipiga, aliyepigwa naye apewe mistari miwili mitatu ya kwake, na kama hapatikani tuambiwe hapatikani. Na akisema picha hiyo haipendi, yaandikwe hayo hayo. Kurasa hazitapungua uzuri, pengine zitakuwa na ubishi zaidi, na sisi wanachuo tunapenda ubishi.

La pili ni kwa walimu wetu. Kabla ya TP tulifundishwa azimio la kazi, andalio la somo, namna ya kusimama ubaoni, hata mavazi. Kuhusu simu iliyo mfukoni hatukuambiwa neno. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na tunapelekwa kwa mamia mbele ya watoto wa watu bila hata nusu saa ya kuizungumzia. Fungua simu ya mwanafunzi yeyote aliyerudi TP uone amebeba watoto wangapi humo. Wengi wamepigwa kwa upendo kabisa, najua. Na mimi nilipiga kwa upendo.

Picha nimeifuta, ingawa nyie mnajua kufuta siku hizi maana yake ni nini. Wiki ya mwisho kijana alinifuata ofisini. "Mwalimu, nipige nyingine." Alikuwa amevaa viatu, soksi zimepandishwa hadi magotini, mikono ameibana mbavuni kama anaimba wimbo wa taifa. Jua lilikuwa la saa sita, baya, kivuli kimemkata uso, na nyuma yake fagio limeonekana lote. Nilipiga moja tu, kwa sababu alisema moja inatosha. Nikaisafishisha mjini, nikampelekea mama, na nimeambiwa imebandikwa sebuleni kwao.

Nilimpigia mama kuomba ruhusa ya kuichapa hapa, akakubali. Akampa simu mwenyewe. Mwenyewe amekataa.