Ekseli ya mbele ya pikapu: Mtaji au mzigo kwa mfanyabiashara wa mazao?

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, bei ya nyanya shambani na bei ya nyanya sokoni huanza kuachana. Shambani inashuka, sokoni inapanda. Mara nyingi kinachozitenganisha ni kilometa chache za tope kati ya shamba na barabara kuu.

Hali hiyo ilionekana wazi katika msimu wa mwaka 2023/24, pale mvua za El Nino zilipoharibu barabara na madaraja katika mikoa mingi ya Tanzania. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika na magari yakakwama pande zote mbili. Barabara kuu inapokatika, nchi nzima husikia. Barabara za vijijini, ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA na nyingi ni za udongo na changarawe, hukatika kimya kimya.

Ndipo mwenye pikapu anapoanza kusikiliza ushauri wa gereji: ng'oa ekseli ya mbele, weka nyingine iliyo nzito zaidi, gari litapita popote. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, lakini pia unaweza kumeza faida ya misimu miwili bila tatizo kuondoka.

Kwanza ni vema kuelewa kwa nini gari lenye gia ya magurudumu manne hukwama. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, lile jingine nalo hupata nguvu kidogo ile ile. Kwa hiyo gari linaweza kuzungusha gurudumu moja mbele na moja nyuma, huku mawili yaliyoshika ardhi yakiwa yametulia. Ekseli mpya yenye difu ya aina hiyo hiyo itakuwa imara zaidi, lakini itateleza vile vile.

Pili, uzito. Pikapu iliyobeba shehena huelemea nyuma, na ikipanda mlima huelemea nyuma zaidi. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na kukosa mshiko. Mfanyabiashara anayejaza magunia ya rumbesa kupita uwezo wa gari asitegemee ekseli ya mbele imwokoe.

Hatua ya kwanza, ambayo karibu haina gharama, ni kuhakikisha ekseli iliyopo inafanya kazi. Katika pikapu zenye kufuli za kuzungusha kwa mkono kwenye habu za mbele, kama Land Cruiser nyingi za zamani, kufuli zinazosahaulika kwa miezi hukamatwa na kutu. Jaribio ni rahisi: gari likiwa limezimwa mahali tambarare na magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe, funga habu zote mbili, weka gia ya magurudumu manne, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Likizunguka ovyo kwa mkono, nguvu haifiki. Rudia upande wa pili.

Baada ya hapo zitazamwe oili sili, beringi na sivii jointi. Oili ya difu ikionekana inachuruzika kwenye gurudumu na kuchanganyika na grisi, sili zimekwisha, na jointi zitafuata. Ukarabati huu ni wa gharama ndogo kuliko ekseli nzima.

Hatua ya pili ni matairi. Tairi lenye meno makubwa hushika tope kuliko lililolika. Kwenye mchanga, kupunguza upepo huongeza eneo linalogusa ardhi, mradi upepo urudishwe kabla ya kuingia lami.

Hatua ya tatu ni difu loki, yaani kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Kwa gari la mizigo, ya nyuma ndiyo ianze, kwa kuwa uzito uko huko. Ya mbele husaidia kutoka kwenye makorongo, lakini hufanya usukani kuwa mzito, na ikitumika kwenye ardhi ngumu inaweza kuvunja jointi.

Kubadilisha ekseli nzima kuwe hatua ya mwisho, na hapo aina ya gari ni muhimu. Land Cruiser pikapu za mfululizo wa 70 zina ekseli ya mbele ya kipande kimoja, hivyo kuweka nyingine ya aina hiyo hiyo si kazi ngeni. Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2004 na zilizofuata zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Kuziwekea ekseli ya kipande kimoja ni kukata, kuchomelea na kupanga upya springi, usukani na breki. Kosa dogo hapo ni hatari barabarani, na kampuni ya bima nayo inapaswa kujulishwa.

Anayenunua ekseli iliyotumika ahakikishe uwiano wa meno ya difu unalingana na wa nyuma. Nyuma ikiwa 4.30 na mbele 4.10, gurudumu la nyuma likizunguka mara 20, la mbele hutaka kuzunguka mara 21. Gari linajivuta lenyewe, na kitakachovunjika ni kile kilicho dhaifu zaidi.

Uamuzi wa mwisho ni wa hesabu. Mwenye gari aandike safari alizokosa msimu uliopita, thamani ya mazao yaliyooza na fedha alizolipa kuvutwa, kisha alinganishe na bei ya kifaa na ufundi. Iwapo safari zote zilikwama kwenye korongo moja, huenda wanakijiji na wenye magari wakichangishana malori machache ya changarawe watafaidika kuliko kila mmoja kubeba gharama zake gereji. Maana fedha hizo hatimaye hukatwa kwenye bei ya shambani, na anayelipa ni mkulima.