Tuandikiane Kabla ya Kuandika

Mfanyabiashara anayehitaji kipeperushi, wasifu wa kampuni au maelezo ya tovuti humtafuta mwandishi wa kujitegemea, aghalabu kijana wa mtaani mwenye kalamu nzuri. Humwambia, "Wewe niandikie, tutaelewana." Hapo ndipo dhulma huanzia. Kazi ikishakamilika, huyu huona bei ni kubwa. Yule amekesha siku tatu, na kodi ya nyumba yamngojea.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandikiana madeni. Vipi basi tuache kuandikiana katika kazi ambayo yenyewe ni uandishi?

Mwenye biashara, omba kwanza kuona kazi zake zilizotangulia. Mweleze unauza nini, wamuuzia nani, na wataka msomaji afanye nini. Kisha andikeni: kurasa ngapi, siku ya kukabidhi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, malipo ya awali kiasi gani, yaliyobaki lini, na maandishi yatakuwa mali ya nani. Ukurasa mmoja wenye saini mbili watosha.

Nawe mwandishi, usiipe bidhaa sifa isiyokuwa nayo. Mteja akishikilia uongo, mrudishie malipo yake ya awali, uondoke. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya mnunuzi atakayeyaamini maneno yako.