Adabu ya Kutosumbua: Vioja vya Wajapani na Gharama Yake

Mnamo Februari mwaka wa 2005, miezi michache baada ya kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, Profesa Wangari Maathai alizuru Japani, akarejea na neno moja: mottainai. Hilo hutamkwa na Mjapani anapoona kitu chenye manufaa kikipotea bure, na ndani yake mna majuto na shukrani kwa pamoja. Maathai alilieneza ulimwenguni kama wito wa kuhifadhi mazingira. Hata hivyo, lipo neno jingine la Kijapani ambalo halikupata balozi wa hadhi hiyo, ilhali bila kulifahamu, maisha ya kila siku ya Wajapani huonekana kuwa vioja vitupu. Neno lenyewe ni meiwaku, yaani kero au usumbufu ambao mtu humletea mwenziwe. Mtoto wa Kijapani hufunzwa tangu utotoni kwamba asimtwike mtu mwingine meiwaku.

Mgeni akiabiri treni jijini Tokyo asubuhi, hustaajabia kwanza msongamano, kisha kimya. Abiria wamebanana bega kwa bega, lakini simu hazilii na mazungumzo ni ya kunong'ona. Treni ikichelewa kwa dakika tano tu, wafanyakazi wa kituo huwapa abiria cheti cha kuthibitisha hivyo ili wakionyeshe kazini au shuleni. Novemba 2017, shirika linaloendesha reli ya Tsukuba Express liliomba radhi hadharani kwa kuwa treni yake moja iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Hakuna abiria aliyekuwa amelalamika.

Vioja haviishii relini. Mapipa ya taka ni adimu mitaani, hasa tangu shambulio la gesi ya sumu katika reli za chini ya ardhi za Tokyo mwezi Machi 1995, na bado mitaa ni safi, kwa kuwa kila mtu huchukua taka zake hadi nyumbani. Wanafunzi hushika mafagio na vitambaa wakasafisha madarasa yao wenyewe. Hata msalani adabu hii imeingia. Wanawake wengi walikuwa wakifungulia maji mara kadhaa ili sauti ya haja isisikike na jirani, na maji mengi yakapotea. Mwaka wa 1988 kampuni ya Toto ikaanza kuuza kifaa kinachotoa sauti ya maji yanayotiririka pasipo tone kumwagika. Hapo meiwaku na mottainai zikapatanishwa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Anayeyacheka mambo haya hajayaelewa. Usione vyaelea, vimeundwa. Mkoba uliosahauliwa kwenye benchi Tokyo mara nyingi hufikishwa katika kibanda cha polisi kilicho karibu ukiwa na fedha zake zote. Ni kweli kwamba sheria humpa mwokotaji haki ya kupata zawadi, na kwamba mwenye mali asipopatikana kwa miezi mitatu, kwa kawaida fedha hizo huwa zake yule aliyeziokota. Lakini sheria peke yake haitoshi kumfanya mtu aache safari yake kwa ajili ya mkoba wa asiyemjua. Mazoea ya kumfikiria mwingine kabla ya nafsi hayana budi kuwa yametangulia.

Pamoja na hayo, adabu hii ina gharama, na gharama hiyo ndiyo isiyotajwa na wanaoisifu. Mtu aliyefunzwa maisha yake yote kwamba kumsumbua mwenziwe ni aibu, atabisha mlango wa nani siku atakapolemewa? Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Huko Japani methali hii imekuwa takwimu. Kwa mujibu wa polisi wa nchi hiyo, mwaka wa 2024 zaidi ya watu 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao walipatikana wamefariki nyumbani, na robo tatu yao walikuwa wametimu umri wa miaka 65 au zaidi. Wajapani wana hata jina la kifo cha upweke: kodokushi. Serikali nayo iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwezi Februari 2021, na sheria mahususi kuhusu jambo hilo ikaanza kutumika Aprili 2024.

Huenda pakawa na wanaodai kwamba chanzo cha upweke huo si adabu bali ni uzee wa jamii, uchache wa watoto na vijana kuhamia mijini. Hoja hiyo ina mashiko. Takriban watu watatu katika kila kumi nchini humo wana umri wa miaka 65 au zaidi. Lakini uchache wa jamaa unaeleza tu kwa nini mzee anaishi peke yake. Hauelezi kwa nini hamwiti jirani aliye nyuma ya ukuta mwembamba, wala kwa nini jirani huyo, kwa kuchelea kuingilia faragha ya mwenziwe, hapigi hodi. Wote wawili ni watu wema; kila mmoja anamhifadhi mwingine asisumbuke, na mauti yanapita katikati yao.

Basi meiwaku ni nusu ya utu. Nusu ya kwanza ni kutomsumbua mwingine, na katika hiyo Wajapani wamewapita wengi. Nusu ya pili ni kukubali kusumbuliwa, na kumfahamisha jirani kwamba mlango wake unaweza kubishwa usiku pasipo kuombwa radhi. Jamii iliyoweza kuomba msamaha kwa ajili ya sekunde 20 haiwezi kushindwa kujifunza hodi moja.