Filamu Inatufundisha Kumwogopa Nani?



Sisi si wataalamu wa sinema. Tunatazama kama wanavyotazama watu wengi wa mitaa yetu: umeme ukirudi jioni, tunapokea kile ambacho televisheni inaonyesha saa ile, au kile ambacho kijana wa nyumba amekileta katika simu yake. Hata hivyo, anayekula kila siku ana haki ya kusema kama chakula kina chumvi au hakina, ingawa hajasomea upishi. Ndiyo maana tunathubutu kutoa maoni yetu juu ya filamu na tamthilia zinazoingia katika familia zetu.

Wazee wetu katika imani walikuwa na kipimo chao. Mwaka 1936 Papa Pius XI aliandika barua juu ya sinema, Vigilanti Cura, akawaomba maaskofu wawaalike waamini kutoa ahadi kila mwaka kwamba hawatatazama filamu zinazochukiza imani na maadili. Wengi wetu tulilelewa katika kipimo hicho: mavazi, mabusu, matusi. Baba akiona wawili wanakaribiana mno, anainuka na kubadilisha chaneli, na watoto wanajifanya hawakuona kitu. Hatukidharau kipimo hicho. Lakini kinaachilia ipite namna moja ya filamu ambayo sisi tunaihofia kuliko mabusu yote ya novela za Meksiko. Ni ile filamu ya kidini ambamo kila mtu amevaa kwa heshima, Biblia iko mezani, jina la Yesu linatajwa kila baada ya dakika tano, na mwishoni inagundulika kwamba aliyefunga uzazi wa binti na kuangusha biashara ya mwana ni nyanya aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mboga. Nyanya anaanguka, anakiri, anafukuzwa au anakufa, na familia inaimba.

Filamu za namna hiyo zinatufikia kutoka Nigeria zikiwa zimetafsiriwa kwa Kifaransa, kutoka Tanzania kwa Kiswahili, na nyingine zinatengenezwa hapa kwetu. Si kwamba zilianza hivyo. Living in Bondage, filamu ya Kiigbo ya mwaka 1992 ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa biashara kubwa ya video ya Nigeria, inasimulia habari za Andy, mume anayemtoa mke wake sadaka ili apate mali. Humo mna uchawi, mna mzimu, na mwisho mna kanisa. Lakini angalieni mkosaji ni nani: ni mwanamume mwenye nguvu na tamaa, pamoja na marafiki zake matajiri. Filamu ile, pamoja na kelele zake zote, ilijua dhambi inakaa wapi. Katika nyingi zilizoifuata, kidole kilishuka kikaanza kumwonyesha aliye dhaifu zaidi nyumbani: mjane, nyanya, mtoto wa kambo, yatima anayekojoa kitandani.

Hapo hatuzungumzi tena juu ya burudani. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwamba ni mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtishia mshutumu kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Watunga sheria hawaandiki maneno kama hayo bila sababu. Waliwaona watoto wanaolala sokoni kwa kuwa ndugu zao wenyewe waliwafukuza. Na kwetu Kivu ya Kusini ni akina mama wazee wanaolipa: mwaka 2021 habari za waliouawa vijijini kwa shutuma za uchawi zilitufikia zaidi ya mara moja.

Mtu atasema kwamba hakuna filamu iliyowahi kumchoma mtu moto. Ni kweli. Shutuma zina mizizi mingine: ugonjwa usioeleweka, kifo cha ghafla, umaskini, wahubiri wanaoishi kwa malipo ya maombi ya ukombozi. Lakini mwenye hofu anatafuta sura ya kuipachika hofu yake, na filamu inampa sura hiyo ikiwa tayari, pamoja na sauti ya ngoma na macho mekundu. Mwanafunzi wa Kristu anapaswa kushtuka hapo. Katika sura ya tisa ya Yohane, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, swali lao la kwanza lilikuwa la kumtafuta mwenye kosa, yeye au wazazi wake, na Bwana alilikataa swali lenyewe.

Kuhusu novela hatuna mengi ya kusema. Msichana maskini anageuka kuwa binti wa tajiri, tajiri anageuka kuwa mwema, na sisi tunapoteza saa nzima kila jioni bila kudhurika sana, isipokuwa ugali unaoungua.

Kwa bahati njema, wapo watu wa sinema walioligeuza lile swali. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa filamu ya Augure mwaka 2023, nayo ikapata tuzo huko Cannes. Kwa Kiswahili chetu cha Kongo jina la mtunzi huyo lina maana ya wachawi. Hatudhani kwamba alihitaji kwenda mbali kutafuta habari zake. Koffi anarudi nyumbani kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mwenye mimba, naye ana alama mwilini ambayo jamaa zake waliisoma kama alama ya shetani. Pua yake inatoka damu karibu na mtoto mchanga, na mara moja kila mtu anajua la kufikiri. Tukiri kwamba filamu hiyo ni ngumu: imejaa ndoto na mavazi ya ajabu, na tunajua wengi wataizima katikati. Lakini inatuketisha mahali pa yule anayeshutumiwa, na pale ni mahali ambapo filamu zetu za kidini hazituketishi kamwe.

Tunayoipenda zaidi ni Félicité ya Alain Gomis, ya mwaka 2017, iliyopigwa Kinshasa. Félicité ni mwimbaji wa baa. Mwanawe Samo anapata ajali ya pikipiki, na daktari hawezi kumpasua bila fedha kulipwa kwanza. Nani kati yetu hajui mlango huo wa hospitali? Mama anazunguka mji mzima akidai madeni yake na kuomba, hadi kwa tajiri anayetaka kumtupa nje, naye anakataa kutoka. Anachelewa. Mguu umekwisha kukatwa. Katika filamu nyingine, sasa ndipo angetokea nabii wa kutaja jina la adui. Hapa anatokea fundi wa friji aitwaye Tabu, ambaye jina lake masikioni mwetu linasikika kama taabu tupu, na kweli ni mlevi. Huyo mlevi ndiye anayemfanya Samo acheke tena. Friji yenyewe haiponi vizuri hata mwisho. Kwa kipimo cha wazee filamu hiyo ingekataliwa, kwa ajili ya baa, pombe na mambo ya chumbani, na kweli si ya watoto. Lakini hadithi haijengwi juu ya kumtafuta mchawi. Inashughulika na yule aliyeumia.

Tuongeze moja ya watawa, maana msomaji Mkatoliki huenda anaingoja. Des hommes et des dieux, ya mwaka 2010, ni habari ya wamonaki wa Tibhirine, Algeria, waliotekwa na kuuawa mwaka 1996. Wanaogopa, wanabishana, mmoja analia usiku. Hofu yao ni kubwa kuliko zetu nyingi, na bado haiwageuzi majirani wao Waislamu kuwa maadui. Ndugu Luc, aliye mganga, anaendelea kuwatibu. Mwaka uleule, tarehe 29 Oktoba, Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu, yeye aliyekuwa amewatetea wakimbizi wakati wengi waliona ndani yao hatari tu. Bado tunangoja mtu atutengenezee filamu kubwa juu yake.

Tunapendekeza kwa mashirika yetu kwamba Félicité ionyeshwe kwa watu wazima katika ukumbi wa parokia, na mazungumzo yafuate. Inasemwa kwa Kilingala, ambacho akina mama wetu wengi hawakisikii vizuri, lakini vijana wetu wamezoea kusikiliza filamu za kigeni zikifasiriwa kwa Kiswahili na sauti ya mtu mmoja anayechekesha na kueleza. Kijana mmoja achaguliwe kwa kazi hiyo. Aeleze kadiri apendavyo, achekeshe pia, ila asiongeze mchawi asiyekuwamo.