Si Kila Asiye na Habari Ni Mjinga



Wapenzi wasomaji, wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja aishiye Gilgil, mji ulio kando ya barabara kuu baina ya Naivasha na Nakuru, ambako mumewe alihamishiwa kikazi kutoka pwani. Binti yao wa gredi ya nne amerudi na ripoti ya muhula, na humo mwalimu ameandika kwa Kiingereza kuwa mtoto ni "oblivious" darasani. Baba amelifasiri neno hilo kuwa ni "mjinga", na tangu siku hiyo binti hasemeshwi ila kwa ukali. Mama anatuuliza: je, hiyo ndiyo maana yake?

Jibu letu ni kuwa siyo. Neno hilo asili yake ni Kilatini, katika kitenzi cha kusahau. Hapo kale Waingereza walimwita hivyo mtu aliyesahau jambo alilokuwa akilijua. Baadaye likaenea kwa mtu asiye na habari na yanayopita mbele yake. Halipimi akili. Hata mwanachuoni aliyezama katika kitabu chake, chungu kikaungua jikoni naye asisikie harufu, huweza kuitwa kwa neno hilo.

Neno letu lililo karibu nalo ni kughafilika. Nalo latokana na Kiarabu, "ghafla", yaani moyo kutokuwa macho. Sisi tumelichukua neno hilo tukalipachika kwenye tukio: mvua imenyesha ghafla, mgeni amekuja ghafla. Lakini mawingu yalikuwa yakikusanyika tangu asubuhi. Ghafla ilikuwa kwetu, haikuwa kwa mvua.

Tukirejea katika Qur'ani Tukufu, twaona neno hili halina hukumu moja. Katika Sura Yusuf, aya ya 3, Mtume wetu (S.A.W.) aambiwa kuwa kabla ya kuteremshiwa kisa kile alikuwa miongoni mwa wasio na habari nacho. Hapo hapana lawama, kwani asiyeambiwa atajuaje? Katika aya ya 13 ya sura hiyohiyo, Nabii Yaakub (A.S.) achelea mbwa mwitu asije akamla Yusuf na hali nduguze wameghafilika naye. Hao ni watu wanaojua dhamana yao, ila macho huenda yakawa kwengine. Katika Sura An-Nur, aya ya 23, neno hilo ni sifa njema: wanawake waumini wenye kujihifadhi, ambao hata fikira ya uchafu wanaosingiziwa hawanayo. Laana imewaangukia wasingiziaji. Ama ghafla ya kulaumiwa imetajwa katika Sura Al-A'raf, aya ya 179: ya wenye nyoyo, macho na masikio, kisha wasiyatumie kuijua haki. Hao ndio ambao Kiswahili husema wamejitia hamnazo.

Basi mtoto huyu yuko katika fungu lipi? Kabla ya kumhukumu, hatuna budi kuuliza: Je, ameambiwa? Je, amesikia? Je, amefahamu lugha aliyoambiwa kwayo? Na katika barua yenyewe mama ameandika jambo ambalo huenda hakulipa uzito: kwamba humwita bintiye mara tatu akiwa amempa mgongo asigeuke, lakini wakitazamana hujibu mara moja. Ewe mama, hiyo si dalili ya ujinga. Huenda ikawa ni masikio.

Mpeleke hospitali akapimwe. Huenda ni nta iliyoziba, au sikio lililowahi kutoa usaha likaachwa bila ya dawa. Msimtie kijiti wala mafuta sikioni kabla ya kuonwa na daktari. Wakati huohuo mwendee mwalimu kwa adabu, umweleze uliyoyaona nyumbani, na umwombe amkalishe mtoto mbele. Masikio yakionekana mazima, yaangaliwe na macho. Kisha aulizwe mtoto mwenyewe, kwa upole, ni kipi kinachompita darasani. Mtoto aliyetolewa pwani akatiwa katika shule mpya ana mengi ya kuyazoea kwa mara moja.

Na wewe baba, mwalimu amekuandikia kuwa mwanao hapati habari ya yanayosemwa darasani. Hiyo ni khabari ya kutafutiwa sababu, wala si hukumu ya kutimiziwa adhabu. Mtoto aadhibiwaye kwa neno asilolisikia hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuogopa. Anza leo kumsemesha vizuri, tena umkabili uso kwa uso ili akuone midomo. Hata vipimo vikitoka salama, hutakuwa umepata hasara.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu siha ya masikio na macho, na atuamshe sisi wazazi tusighafilike na amana aliyotupa. Amin.